Dk. Adnan Adıvar alikuwa nani, ukiacha kuwa mume wa Halide Edib?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninasoma udaktari, mwaka wa tatu, na nikipata nafasi husoma habari za Halide Edib, yule mwandishi wa Uturuki. Kila kitabu kinamtaja mumewe, Dk. Adnan, kwa mstari mmoja au miwili: daktari, profesa, waziri, kisha mkimbizi. Basi. Ningependa kujua alikuwa nani hasa. Kwa nini mtu aliyepewa kuongoza kitivo cha tiba kabla hajatimiza miaka 30 aliacha taaluma yake akaingia siasa, tena siasa iliyomfanya aihame nchi yake? Na tukiyapima maisha yake yote, tuseme alishindwa?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nianze na jambo dogo litakalokuokolea muda maktabani. Waturuki walilazimishwa na sheria kuchukua majina ya ukoo mwaka 1934. Maandishi ya kabla ya hapo yatamwita Doktor Adnan, Adnan Bey, au Abdülhak Adnan. Ukitafuta "Adıvar" peke yake utampata mzee aliyerudi kutoka Paris, na yule kijana wa vita na mapinduzi atakupita.

Sasa swali lenyewe. Unasema aliacha taaluma akaingia siasa. Sikubaliani na mpangilio huo. Katika Istanbul ya ujana wake, aliyeingia chuo cha tiba alikuwa ameshaingia siasa, apende asipende.

Mwaka 1889, ndani ya Chuo cha Tiba cha Jeshi mjini Istanbul, wanafunzi wachache waliunda chama cha siri cha kumpinga Sultani Abdülhamid wa Pili. Majina yao yanajulikana: İbrahim Temo, Abdullah Cevdet, İshak Sükuti na Mehmed Reşid. Temo alikuwa Mwalbania, Cevdet na Sükuti walikuwa Wakurdi, Reşid Msirkasia. Wote wanafunzi wa udaktari. Chama hicho ndicho kilichokua, kikaungana na makundi mengine, na hatimaye kikawa Chama cha Umoja na Maendeleo, kilicholazimisha katiba irudishwe mwaka 1908 na kuitawala Dola ya Uthmania mpaka mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Kwa nini watu wa tiba, na si wa sheria au wa dini? Sultani mwenyewe aliwapa silaha. Alihitaji madaktari wa jeshi, hivyo chuo kilipata vitabu vya Ulaya, hasa vya Kifaransa, na walimu waliosoma nje. Kijana aliyetoka Anatolia au Balkani akiwa amelelewa kutii aliwekwa bwenini pamoja na vijana wa kila kabila, akafundishwa kwamba neno la mwalimu halitoshi mpaka mwili wa maiti ulithibitishe. Ni vigumu kumfundisha mtu kuhoji asubuhi na kumkataza jioni. Tena walipomaliza, walipelekwa mikoani na vikosini, wakaona kwa macho yao malaria, kaswende, trakoma na homa ya chawa, pamoja na maofisa waliokula fedha za dawa. Bunge lilikuwa limefungwa tangu 1878. Daktari aliyetaka kisima kisafishwe alijikuta anazungumzia serikali.

Kuna upande wa giza katika historia hii, na wewe unayekwenda kuwa daktari huna budi kuujua. Mehmed Reşid, mmoja wa wale waanzilishi, alikuwa gavana wa Diyarbakır mwaka 1915 na akasimamia mauaji ya Waarmenia na Wakristo wengine wa mkoa ule. Dk. Bahaeddin Şakir alikuwa miongoni mwa waliopanga mauaji hayo. Udaktari haukuwafanya wawe watu wema. Adnan alikuwa karibu na chama hichohicho na aliitumikia serikali yake katika idara ya afya wakati wa vita. Kazi yake ilikuwa magonjwa na hospitali, lakini dola aliyoitumikia ndiyo iliyofanya yale, na anayeandika maisha yake bila kulitaja hilo anaandika nusu.

Turudi kwake. Alizaliwa mwaka 1882 Gelibolu, mji wa pwani ambao dunia inaujua kwa vita vya 1915. Baba yake, Ahmed Bahai Efendi, alikuwa kadhi, kwa hiyo Adnan alikulia katika nyumba ya vitabu vya fikihi na heshima ya wanazuoni. Likumbuke hilo, maana miaka mingi baadaye aliwaandikia wanazuoni hukumu kali, na aliiandika kama mtoto wa nyumbani. Alihitimu udaktari mwaka 1905, akaenda Ulaya kuyakimbia macho ya wapelelezi wa Sultani, akafanya kazi Berlin katika magonjwa ya ndani. Mapinduzi ya 1908 yalipofaulu alirudi mara moja.

Mwaka uliofuata chuo cha jeshi na cha raia viliunganishwa kuwa kitivo kimoja cha tiba huko Haydarpaşa, upande wa Asia wa mji. Adnan alifundisha hapo na akawa mmoja wa wakuu wake wa kwanza. Ni kweli, kama ulivyosema, miaka 30 ilikuwa haijatimia. Usidhani ni ajabu ya kipaji peke yake. Utawala mpya uliwaondoa watu wa Sultani na ulihitaji vijana wenye vyeti vya Ulaya ambao haukuwa na shaka nao. Cheo chenyewe kilikuwa cha kisiasa. Daktari bingwa wa upasuaji Cemil Topuzlu, aliyeongoza kitivo hicho pia, mwaka 1912 alifanywa meya wa Istanbul. Mpaka kati ya kliniki na ofisi ya serikali haukuwepo.

Italia ilipoivamia Libya mwaka 1911, Adnan aliondoka chuoni akaenda Tripoli na Hilali Nyekundu. Miaka iliyofuata ilikuwa vita juu ya vita: Balkani, kisha Vita vya Kwanza vya Dunia. Alipanda mpaka kuongoza idara ya afya ya dola. Na mwaka 1917 alimwoa Halide Edib; kabla ya hapo Adnan alikuwa daktari wa Halide na wa familia yake. Halide alikuwa ameachana na mume wake wa kwanza, mwanahisabati Salih Zeki, mwaka 1910, kwa sababu alikataa kuolewa mitala. Ndoa yake na Adnan ilifungwa kwa uwakilishi: bibi harusi alikuwa Syria akisimamia shule, na baba yake akasimama badala yake.

Dola ilishindwa vitani mwaka 1918, na majeshi ya Waingereza, Wafaransa na Waitaliano yakaingia Istanbul. Adnan alichaguliwa kuwa mbunge katika Bunge la mwisho la Uthmania, lililokutana Januari 1920. Tarehe 16 Machi majeshi hayo yaliutwaa mji rasmi, yakaingia Bungeni na kuwakamata wabunge, wengine wakapelekwa kisiwani Malta. Adnan na Halide walitoroka. Walivaa nguo za watu wa kawaida, wakavuka kwenda Üsküdar, wakajificha katika zawiya ya Wauzbeki iliyokuwa chini ya Sheikh Ata, mahali ambapo watu na silaha vilipitishwa kwa siri kuelekea Anatolia. Kutoka hapo walisafiri kwa farasi, mikokoteni na garimoshi wakafika Ankara mwanzoni mwa Aprili. Njiani, katika mazungumzo ya Halide na mwandishi wa habari Yunus Nadi, ndipo lilipozaliwa wazo la shirika la habari la Anadolu, lililo hai mpaka leo.

Ankara wakati huo ilikuwa mji mdogo wa vumbi. Wageni hawa waliishi na Mustafa Kemal, kiongozi wa vita vya ukombozi ambaye baadaye aliitwa Atatürk, katika shule ya kilimo nje ya mji. Huku nyuma, Sheikhul Islam wa Istanbul, yaani mwanazuoni mkuu wa dola, alitoa fatwa kwamba wanaoipinga serikali ya Sultani ni waasi na kuwaua kunajuzu. Tarehe 11 Mei 1920 mahakama ya kijeshi ya Istanbul iliwahukumu kifo, bila wao kuwepo, Mustafa Kemal na wenzake wachache. Orodha ya kwanza ilikuwa fupi sana, na ndani yake yalikuwemo majina ya Dk. Adnan na Halide Edib. Mtoto wa kadhi akawa amehukumiwa kifo kwa jina la Sultani, aliyekuwa pia Khalifa. Wanaomwita mume wa Halide Edib, kana kwamba alimfuata mkewe tu, hawajaisoma orodha ile.

Siku nane kabla ya hukumu hiyo, tarehe 3 Mei, Bunge Kuu la Taifa lilikuwa limechagua mawaziri wake wa kwanza, na Adnan alipewa Afya. Ndiye waziri wa kwanza wa afya katika historia ya Uturuki ya leo. Wizara nzima ilikuwa chumba kimoja katika jengo la serikali ya mkoa. Fikiria hali ilivyokuwa: vita magharibi, maasi ndani ya nchi, wakimbizi kila barabara, madaktari wengi wako jeshini au wamekwama Istanbul, na dawa lazima zipitishwe kwa magendo. Kaswende ilikuwa imeenea vijijini kutokana na miaka kumi ya askari kwenda na kurudi, na mwanzoni mwa 1921 Bunge lilipitisha sheria ya kuizuia isisambae. Zaidi ya sheria na barua, hakuwa na nyenzo nyingi.

Hapa nataka uwe makini, kwa sababu sifa za "waziri wa kwanza" hupofusha. Adnan hakuijenga afya ya Uturuki. Aliyeijenga ni Dk. Refik Saydam, daktari wa jeshi aliyepokea wizara kutoka kwake Machi 1921 na kuishika kwa sehemu kubwa ya miaka 16 iliyofuata. Saydam ndiye aliyeanzisha kampeni dhidi ya malaria na trakoma, taasisi ya taifa ya usafi na chanjo mwaka 1928, na sheria kuu ya afya ya jamii ya mwaka 1930. Aliweza kwa sababu alikaa. Alikaa kwa sababu hakumpinga Mustafa Kemal. Madaktari hawa wawili walipokezana chumba kilekile, kisha kila mmoja akashika njia yake, na ukitaka kuyapima maisha ya Adnan kwa haki ni lazima uyaweke kando ya maisha ya Saydam.

Baada ya wizara, Adnan alikuwa naibu spika, akiongoza vikao vya Bunge wakati wa miezi migumu kabisa ya vita na Wagiriki. Vita vilipokwisha, usultani ukafutwa tarehe 1 Novemba 1922, na Adnan akatumwa Istanbul kuwa mwakilishi wa serikali ya Ankara mbele ya makamishna wa mataifa yaliyoukalia mji. Ilikuwa kazi ya kushona mtandio uliochanika: polisi wa nani, forodha ya nani, meli gani ipite, mpaka mkataba wa amani wa Lausanne ulipotiwa saini Julai 1923 na majeshi ya kigeni yakaondoka Oktoba. Adnan alijua lugha zao, alikuwa mpole, na hakuwa mwanajeshi. Naiona kuwa kazi bora zaidi aliyoifanya serikalini.

Lakini akiwa Istanbul, mambo ya Ankara yalikuwa yakiamuliwa bila yeye. Jamhuri ilitangazwa tarehe 29 Oktoba 1923 kwa uamuzi wa haraka wa Mustafa Kemal na watu wake wa karibu. Rauf Orbay, Kâzım Karabekir, Adnan na wengine waliokuwa naye tangu siku za hatari walisikia kama raia wengine walivyosikia. Hawakupinga jamhuri. Waliuliza kama jamhuri ya mtu mmoja ina tofauti na usultani. Tarehe 17 Novemba 1924 walianzisha chama cha kwanza cha upinzani katika jamhuri, Chama cha Maendeleo cha Jamhuri. Karabekir akawa mwenyekiti, Rauf na Adnan makamu wake, Ali Fuat Cebesoy katibu mkuu. Tazama majina hayo: majenerali wawili wa ukombozi, shujaa wa jeshi la majini, na daktari. Programu yao ilidai uhuru wa raia, mamlaka yenye mipaka, na kuheshimu imani za dini.

Kifungu hicho cha dini ndicho kilichotumika kuwamaliza. Februari 1925 Sheikh Said aliongoza uasi kwa jina la dini mashariki mwa nchi, katika maeneo ya Wakurdi. Machi ikaja sheria ya kulinda utulivu, iliyoipa serikali uwezo wa kufunga karibu chochote. Chama kilifungwa tarehe 3 Juni 1925, miezi isiyozidi saba tangu kuzaliwa. Mwaka uliofuata njama ya kumuua Mustafa Kemal iligunduliwa İzmir, na mahakama maalumu ikawakamata karibu wapinzani wote. Waziri wa zamani wa fedha Cavid Bey alinyongwa. Dk. Nazım, daktari mwingine wa kizazi kile na kigogo wa Umoja na Maendeleo, alinyongwa pia. Adnan alikuwa Ulaya. Alishtakiwa bila kuwepo, akaachiwa huru. Hakurudi.

Wapo wanaomlaumu kwa kutorudi kutetea chama chake. Lawama hiyo siielewi. Mahakama ile haikuwa na rufaa, na iliweza kunyonga ndani ya saa chache baada ya hukumu. Ninachokubali ni jambo lingine: yeye na wenzake walikuwa watu wa vikao vya Istanbul, hawakujenga matawi wala wafuasi wa kutosha kuhimili dhoruba. Walipigwa kirahisi kwa sababu nchi haikuwa imewajua kama upinzani. Kosa hilo ni lao. Mwaka 1927 Mustafa Kemal alitoa hotuba yake ya siku 6 iliyosimulia vita vya ukombozi upya, na humo waanzilishi wa chama kile wakaonekana wasaliti. Kwa miaka mingi shule za Uturuki zilifundisha hivyo.

Sasa tunafika mahali ambapo waandishi wengi wanakata kamba, na mimi naona ndipo mtu mwenyewe anaonekana. Wazia daktari wa miaka 44, profesa, waziri wa zamani, hana nchi. Waliishi Uingereza kwanza, kisha Paris. Halide alitoa mihadhara Marekani na India na kuandika kumbukumbu zake kwa Kiingereza. Adnan alipata kazi ya kufundisha Kituruki katika shule ya lugha za Mashariki ya Paris, na aliifanya mpaka 1939. Kutoka kuongoza Bunge mpaka kusahihisha insha za wanafunzi wa Kifaransa wanaokosea viambishi! Wakimbizi wengine wa siasa katika hali hiyo huandika kumbukumbu za kulipiza kisasi. Dk. Rıza Nur, daktari mwingine aliyekuwa waziri na mjumbe wa Lausanne, alifanya hivyo hasa.

Adnan alikwenda kwenye hati za kale. Kwa miaka alikusanya yote aliyoweza kuyapata kuhusu sayansi chini ya Wauthmania: tiba, hisabati, falaki, jiografia. Mwaka 1939 akachapisha Paris, kwa Kifaransa, kitabu *La science chez les Turcs ottomans*. Mwaka 1943 kikatoka kwa Kituruki kikiwa kimeongezwa. Kabla yake hakukuwa na historia kamili ya jambo hilo. Waliokuja baadaye, kina Aydın Sayılı na Ekmeleddin İhsanoğlu, walimsahihisha na kumpinga mahali pengi, lakini walianza na yeye.

Hoja yake kuu ni kali. Anasema wasomi wa Uthmania kwa karne nyingi walikuwa wanaendeleza, kwa ufupisho na maelezo ya pambizoni, elimu waliyoirithi kwa Kiarabu na Kiajemi, wakati Ulaya ilikuwa inaanza kujaribu mambo kwa mikono. Ushahidi ulipopingana na kitabu, kitabu kilishinda. Anaeleza jengo la falaki la Takiyüddin, lililojengwa Istanbul miaka ya 1570 likiwa na vifaa vilivyolingana na vya Tycho Brahe kule Denmark, kisha likabomolewa kwa amri ya Sultani mwaka 1580 baada ya Sheikhul Islam kulikemea. Anaeleza ramani ya Piri Reis ya 1513, kazi ya baharia aliyesoma ramani za Ulaya bila woga, na jinsi ilivyobaki bila warithi. Anamsifu Kâtip Çelebi wa karne ya 17 kwa kulalamika kwamba madrasa zimefuta hisabati na falsafa. Na anaeleza jinsi matbaa ya kwanza ya Kituruki, ya İbrahim Müteferrika, ilivyoanza kutoa vitabu mwaka 1729 tu, zaidi ya miaka 250 baada ya Gutenberg.

Ukikisoma kitabu hicho ukijua maisha yake, unaona swali lilelile alilolipeleka Bungeni mwaka 1924. Nini hutokea kwa taifa ambalo neno la mkubwa halihojiwi? Katika siasa alilifanya kuwa hoja ya chama, na chama kikafungwa. Katika historia alilifuata karne kwa karne, na hapo hakuna aliyeweza kumfunga. Nadhani alihukumu kwa ukali kupita kiasi; utafiti wa leo unaonyesha madrasa za Uthmania zilikuwa na uhai zaidi ya alivyokiri, na yeye mwenyewe alikuwa na hati chache kuliko tulizonazo sasa. Hata hivyo, ona kwamba hakumsingizia Mturuki kipawa duni wala Uislamu ugonjwa, kama walivyofanya baadhi ya Wazungu wa wakati wake. Tatizo aliliweka kwenye taasisi: nani analipwa, nani anafundisha nini, nani ana haki ya kusema hapana.

Mustafa Kemal Atatürk alifariki Novemba 1938. Rais mpya, İsmet İnönü, aliamua kupatana na wapinzani wa zamani, na mwaka 1939 Adnan na Halide wakarudi baada ya karibu miaka 14. Waziri mkuu waliyemkuta madarakani ni Refik Saydam, yuleyule aliyempokea chumba cha wizara mwaka 1921. Saydam alifariki akiwa kazini Julai 1942.

Halide alipewa uprofesa wa fasihi ya Kiingereza Chuo Kikuu cha Istanbul. Adnan alipewa kazi ambayo watu hawaitaji vya kutosha. Waziri wa elimu Hasan Âli Yücel alitaka ile Ensaiklopidia ya Uislamu iliyotungwa Leiden na wataalamu wa Ulaya ipatikane kwa Kituruki, na Adnan akawekwa kuongoza bodi ya wahariri. Hakukubali tafsiri tupu. Chini yake, wasomi wa Kituruki walisahihisha makala, walizipanua, na mahali pengi waliziandika upya. Kwa mara ya kwanza watu wanaoandikwa katika kitabu kile walikuwa na haki ya kusema mwandishi amekosea. Sehemu za kwanza zilianza kutoka 1940.

Na siasa? Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulifanyika Julai 1946, na Adnan, akiwa na miaka 63, alirudi Bungeni akiwakilisha Istanbul. Alikaa mpaka 1950, huku akiendelea na ensaiklopidia. Mwaka alipotoka yeye, Halide alichaguliwa kutoka İzmir. Mtu aliyejuta kuingia siasa hafanyi hivyo. Alifariki Istanbul tarehe 1 Julai 1955 na kuzikwa makaburi ya Merkezefendi. Mwaka uliofuata Halide alichapisha kitabu cha maisha ya mumewe, na mwenyewe alizikwa kando yake mwaka 1964.

Sasa, alishindwa? Kwa kipimo cha madaraka, ndiyo. Kwa kipimo cha wagonjwa waliopona, Saydam alimzidi mbali sana, na sitaki ujifunze kutoka kwangu kudharau kazi ya Saydam ati kwa sababu alinyamaza. Watoto ambao hawakupofuka kwa trakoma hawakuuliza waziri alipiga kura vipi. Lakini yale aliyoyadai Adnan mwaka 1924, chama cha pili na rais mwenye mipaka, nchi yenyewe ililazimika kuanza kuyarudia mwaka 1946, baada ya miaka zaidi ya 20 iliyopotea. Na kitabu cha 1939 kisingeandikwa kama chama kisingefungwa. Angekuwa na vikao vingi mno. Simtakii mtu uhamisho ili aandike kitabu. Nasema tu kwamba kwake yeye ilikuwa kazi moja iliyobadilishiwa chumba.

Ukitaka kuendelea, anza na kumbukumbu za Halide za Kiingereza kwa habari za 1920, ukijua kwamba anaandika kama mke na kama mpinzani. Ukikutana na kumbukumbu za Rıza Nur, zisome kwa tahadhari kubwa. Alikuwa na chuki na karibu kila mtu. Kisha, kama Kifaransa chako kinatosha, mfungue Adnan mwenyewe kwenye sehemu za tiba, ambako anazungumzia watu wa fani yako: nani alipasua maiti, nani aliogopa, na nani alinakili tu alichokikuta.